Nyumba ya ramani, nyumba iliyokwisha au mjengo wako mwenyewe: ikichelewa, nani analipa?

Karibu na saiti yetu ya ujenzi kule Kiamunyi, Nakuru, palikuwa na kibanda cha mama mmoja aliyewauzia mafundi ugali, sukuma na maharagwe. Alikuwa na daftari lililokunjamana, kila fundi na deni lake. Siku moja mwezi wa Mei nilipita kuona nyumba yangu imefika wapi, nikamkuta ameketi peke yake, sufuria zimefunikwa. "Hawa hawajalipwa wiki ya tatu sasa," aliniambia. "Na mimi siwezi kukopesha tena, madamu." Asubuhi hiyo hiyo ofisi ya mauzo mjini ilikuwa imenitumia ujumbe kwamba kazi inaenda vizuri na funguo zitatoka Agosti kama tulivyoandikiana.

Funguo zilitoka Januari. Tena si Januari iliyofuata, ni ile ya baadaye: miezi 17 baada ya tarehe tuliyokubaliana.

Kazi yangu ni ya mikopo katika sacco moja hapa Nakuru, kwa hivyo mikataba ya nyumba na ploti hupita mezani pangu kila wiki. Kabla ya Kiamunyi nilikuwa nikiisoma kwa ajili ya bei na dhamana. Siku hizi naanzia kwingine. Natafuta kifungu kinachosema nyumba ikichelewa nani analipa, na mara nyingi sikipati. Ndiyo maana mwanachama akiniuliza kama anunue nyumba ambayo bado ni mchoro, anunue iliyokwisha, au achukue ploti ajenge mwenyewe, simjibu kwa bei. Zote tatu huchelewa. Kinachotofautiana ni kitu gani hasa kinachelewa, na kila mwezi unaopita unatoka mfukoni mwa nani.

Nyumba ya ramani

Hii ndiyo yenye mabango. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ukitoka mjini kuelekea Ngata au Lanet unayaona: familia inacheka, nyasi za kijani, "lipa kidogo sasa". Mvuto wake ni wa kweli. Bei iko chini, na hulazimiki kuwa na pesa zote kwa mara moja. Mimi nilinunua kwa shilingi 5,400,000 nyumba ya vyumba vitatu wakati ya aina hiyo hiyo, imekwisha, hapo jirani tu, ilikuwa ikiuzwa 6,000,000. Nilitoa asilimia 20 siku ya kutia sahihi, asilimia 20 nyingine kwa awamu sita, na asilimia 60 ilikuwa ije kwa mogeji, mkopo wa nyumba wa benki, siku ya kukabidhiwa.

Unafuu wa 600,000. Sasa hesabu ambayo sikuifanya siku ile, na mimi ni mtu wa hesabu. Nilikuwa nalipa kodi ya 18,000 kwa mwezi. Ujenzi ulipangiwa miezi 18, kwa hivyo hata kampuni ingetimiza ahadi yake yote, kodi ingekula 324,000 kabla sijaingia. Miezi 17 ya kuchelewa ikaongeza 306,000. Jumla 630,000. Unafuu wote umekwenda na 30,000 juu yake, na hapo sijagusa riba ya mkopo niliochukua kulipia ile asilimia 20 ya kwanza. Kusema haki, nyumba iliyokwisha nisingeiweza mwaka ule; muuzaji alitaka pesa yake yote ndani ya miezi mitatu na benki ilikuwa bado inaniangalia kwa jicho moja. Lakini ile bei ya chini usiichukue kama zawadi. Kampuni inakulipa ungoje. Kama mkataba hauna adhabu ya kuchelewa, itaendelea kukungojesha bila kukuongezea kitu.

Kwa nini huchelewa? Developa wengi, yaani kampuni zinazojenga nyumba za kuuza, hawajengi kwa pesa zao. Wanajenga kwa pesa za wanunuzi pamoja na mkopo wa benki, kwa hivyo mauzo yakipungua, lori la mchanga haliji. Shilingi ilipodhoofika hadi kama 160 kwa dola moja mnamo Januari 2024, vitu vinavyotoka nje, kuanzia vyuma hadi vigae na nyaya, vilipanda, na kampuni iliyokuwa imeuza nyumba kwa bei ya mwaka uliotangulia ikajikuta inajenga kwa hasara. Kampuni iliyo katika hali hiyo haikupigii simu kukwambia imebanwa. Inapunguza mafundi. Leo wako ishirini, wiki ijayo wanane, halafu anabaki mlinzi na mbwa. Mvua nayo ina lake, hasa msingi ukiwa wazi mwezi wa Aprili, ila mvua husingiziwa sana. Mvua haisimamishi mtu wa kupiga plasta ndani ya nyumba yenye paa.

Na kuna kuchelewa kwa mwishoni ambako watu hawakutarajii. Nyumba imepakwa rangi, vioo vimewekwa, unapiga picha unatuma kwenye grupu la familia, kumbe transfoma haijaletwa, mita za maji hazijafungwa, na cheti cha kaunti cha kuruhusu watu kukaa hakijatoka. Kwangu mimi sehemu hiyo peke yake ilichukua miezi mitano.

Sasa weka mikataba miwili mezani. Wa kwanza, uliokuwa wangu, unasema: lipa 180,000 kila baada ya miezi mitatu. Wa pili unasema: lipa msingi ukiisha, lipa kuta zikifika lenta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, lipa paa likiezekwa, na kila hatua ithibitishwe kwa barua ya msanifu au mkadiriaji majenzi. Kwenye karatasi ni pesa zile zile. Kwenye saiti ni vitu viwili tofauti kabisa. Mimi awamu yangu ya sita ilipofika nyumba ilikuwa kwenye lenta, na tayari nilikuwa nimetoa 2,160,000. Sikuwa na haki ya kusimamisha malipo, kwa sababu kalenda ilikuwa imefika hata kama kuta hazijafika. Mwenzangu mmoja aliyenunua Lanet kwa mkataba wa hatua alilipa msingi, kazi ikasimama, naye akasimama. Alipoteza muda kama mimi. Pesa zake nyingi zilikuwa bado kwenye akaunti yake.

Angalia pia tarehe imeandikwaje. "Miezi 18 tangu ujenzi kuanza" si tarehe. Ujenzi umeanza lini? Siku ya tingatinga, siku ya kibali, au siku developa atakapoamua kukuandikia barua? Dai siku, mwezi na mwaka, kisha dai tarehe ya pili, ile ya mwisho kabisa, ambayo ikipita una haki ya kutoka na kurudishiwa pesa zote. Halafu soma kifungu cha mambo yaliyo nje ya uwezo wa muuzaji. Vita, mafuriko, tetemeko, sawa. Lakini ukikuta humo "uhaba wa vifaa", "kuchelewa kwa vibali" na "hali ya soko", ujue kila sababu ambayo nyumba huchelewa kwayo imeshasamehewa kabla haijatokea. Wakili wako ayafute hayo, au angalau ayawekee kikomo cha siku 60 au 90. Nasema wakili wako. Wa developa ni wa developa, hata akikupa chai na kukuita mama.

Jambo la mwisho kwa nyumba ya ramani ni sachi, yaani kukagua rekodi za ardhi yenyewe kwa msajili. Mara nyingi utakuta hati mama, ile moja ya ardhi yote ya mradi, imewekwa rehani benki. Hilo peke yake si dhambi, ndivyo miradi inavyojengwa. Lakini developa akishindwa kulipa, sheria ya ardhi ya 2012 inaipa benki njia ya kuuza: notisi ya miezi mitatu ya kutaka deni lilipwe, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza. Wewe uliyelipa asilimia 40 huna hati, na unasimama nyuma ya benki. Omba barua ya benki inayosema itaiachilia nyumba yako pindi bei yako ikilipwa, na lipa kwenye akaunti iliyotajwa katika barua hiyo. Developa akikwambia barua kama hiyo haitolewi, rudi nyumbani na pesa zako.

Nyumba iliyokwisha

Hapa unachokinunua unakiona. Unafungua bomba, unawasha taa, unagonga ukuta. Kama ni Nakuru, uliza maji yanatoka wapi, maana mitaa mingi mipya inategemea kisima na visima vingi vya huku vina floraidi ya juu, inayotia meno rangi ya kahawia. Watoto wa Nakuru tunajuana kwa meno.

Kuchelewa kupo, ila kumehamia kwenye karatasi. Mkataba wa kawaida unaofuata masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili huwa na asilimia 10 mwanzoni na siku 90 za kukamilisha. Siku hizo 90 huisha kabla ya kitu chochote kutokea kama muuzaji ana mkopo kwenye hati na hajaanza mazungumzo na benki yake, kama nyumba ilikuwa ya marehemu na mirathi haijafungwa, au kama mke au mume hajatoa idhini yake kwa maandishi. Kwa nyumba za ghorofa uliza kama hati za kila fleti zimeshatolewa chini ya sheria ya umiliki wa fleti ya 2020. Kama bado, unanunua chumba kilichokamilika chenye hati ya ramani.

Tofauti kubwa na ile ya kwanza ni kwamba pesa nyingi zinabaki kwako au kwa benki hadi mwisho. Asilimia 10 kwa kawaida hukaa kwa wakili wa muuzaji akiishikilia kwa niaba ya pande zote mbili, hamkabidhi mteja wake akanunulie saruji. Kwa nyumba ya 6,000,000, kinachoweza kukwama ni 600,000. Kwa mkataba wangu wa Kiamunyi kilichokwama kilikuwa zaidi ya mara tatu ya hiyo. Na muuzaji akiwa tayari ameshatoka, wengine hukubali uingie mapema kwa kodi ndogo wakati karatasi zinatembea. Sipendi sana mpango huo, maana mambo yakiharibika kumtoa mtu ni kazi, lakini nimeuona ukiwafaa watu wawili watatu.

Unacholipa kwa utulivu huo ni bei ya juu, na unalipa kwa haraka. Ada ya stempu ni asilimia 4 mjini, yaani 240,000 kwa nyumba hiyo, na lazima iwe tayari pamoja na ada ya wakili. Barua ya benki ya kukubali mogeji nayo ina siku zake. Muuzaji akikokota miguu, barua inaisha muda na riba inaangaliwa upya.

Kujenga mwenyewe

Shemeji yangu anajenga Nyamasaria, nje kidogo ya Kisumu. Ana mwaka wa tatu. Ukimuuliza nyumba imechelewa miezi mingapi anakushangaa, kwa sababu hajawahi kuiwekea tarehe.

Hilo ndilo zuri la njia hii na ndilo baya lake. Hakuna wa kukuchelewesha ila wewe na mfuko wako. Pesa ikiisha, unafunika saruji kwa turubai, unarudi kazini, mwezi ukiisha unaendelea. Hakuna kampuni iliyoshika milioni mbili zako. Na unaweza kuhamia kabla ya kumaliza: choo kinafanya kazi, vyumba viwili vina milango, madirisha mengine ni mabati, lakini kodi imekatika. Hilo developa hawezi kukupa. Magharibi watu wengi wana shamba la nyumbani Kakamega au Bungoma, hawanunui ploti hata kidogo, na kwao hesabu yote inabadilika.

Ila ardhi ina siri zake, na siri ya ardhi ndiyo inayochelewesha mjengo wa mtu binafsi kuliko kitu kingine. Nyamasaria ni ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Fundi wa kwanza alimwambia shemeji futi tatu zinatosha. Walichimba futi tatu, bado weusi. Wakaenda nne, tano. Waliufikia udongo mgumu baada ya siku tisa za kuchimba, kisha ikabidi shimo lote lijazwe mawe na moramu, na pesa za kuta zikazikwa chini kabla tofali la kwanza halijalazwa. Angekuwa Riat, kwenye vilima vya Kisumu, angepigana na mwamba. Huku Nakuru shida yetu ni udongo mwepesi wa majivu ya volkano na ufa wa hapa na pale. Unachimbika kwa urahisi, lakini usipouheshimu utakupasulia ukuta. Kabla ya kununua ploti lipa mtu achimbe shimo moja la kuonja. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kugundua baadaye.

Karatasi nazo. Ploti nyingi za pembezoni mwa Nakuru, Bahati, Njoro, Ngata, bado zinahesabiwa kuwa ardhi ya kilimo, na mauzo yake yanataka idhini ya bodi ya ardhi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba; ukilala, mkataba unakuwa bure. Kisha kubadilisha matumizi, kisha michoro kwa kaunti, kisha kusajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Watu huruka hatua hizi kwa sababu jirani aliruka. Halafu siku moja unakuta alama nyekundu ya X ya kubomolewa ukutani.

Kuhusu mafundi sisemi mengi, kila Mkenya ana hadithi yake. Shemeji aliwalipa kwa siku, wakawa wanapiga tofali kama watu wanaosubiri basi. Alipobadilisha akalipa kwa kazi, ukuta wa wiki mbili ukaisha kwa siku sita, na kona moja ikabidi ibomolewe. Alichagua kona.

Kuna pia nyumba za serikali, kama zile za Bondeni hapa Nakuru, ambazo mtu huziomba kupitia Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba za bei nafuu. Sizilinganishi na hizi tatu kwa sababu pale hujadili mkataba. Unapokea masharti yaliyopo. Kama unakatwa ile asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba hizo, kujisajili hakukuzuii kufanya mengine.

Kama umeshakwama

Wengi wanaofika mezani kwangu hawako kwenye kuchagua tena. Wameshatia sahihi, tarehe imepita, na wanauliza wafanye nini. Njia ni tatu: kungoja, kuandikiana upya, au kujitoa.

Kungoja kunafaa pale tu kazi inapoonekana. Nenda saiti siku ya Jumanne saa nne asubuhi bila kuwaambia. Hesabu watu. Angalia nondo zilizoachwa zimechomoza juu: kama zimekuwa nyekundu kwa kutu na mawe yameota ukungu wa kijani, saiti imelala muda mrefu. Nunua chakula kibandani. Yule mama wa Kiamunyi alijua hali ya kampuni miezi mitatu kabla ya mawakili. Kama mafundi wapo, saruji inashushwa, na kilichobaki ni stima na rangi, subiri, maana kujitoa wakati huo ni kumwachia mwingine nyumba yako. Lakini ngoja kwa maandishi. Kila mwezi tuma barua pepe fupi: tarehe ilikuwa hii, leo ni hii, nahifadhi haki zangu. Ukinyamaza mwaka mzima huku unaendelea kulipa, utakuja kuambiwa uliridhia.

Kuandikiana upya ndiko nilikofanya, na ndiko ninakowapendekezea wengi. Mwezi wa sita wa kuchelewa tulikutana wanunuzi kumi na mmoja katika hoteli ndogo nyuma ya soko, tukachanga wakili mmoja. Mtu mmoja akipiga kelele ofisini anapewa soda. Kumi na mmoja wenye wakili wanapewa mkurugenzi. Tuliomba mambo manne: tarehe mpya, malipo yoyote mapya yafuate hatua za ujenzi, haki ya kutoka na kurudishiwa pesa ndani ya siku 60 tarehe hiyo ikipita, na kila mwezi wa kuchelewa tukatiwe kodi tunayolipa kutoka kwenye salio la mwisho. La kodi walilikataa kwa miezi sita iliyokwisha kupita, wakalikubali kwa iliyokuwa inakuja. Kwangu ikawa miezi 11 kwa 18,000, yaani 198,000 iliyopungua kwenye bei. Rudi kwenye ile hesabu yangu ya 630,000: sasa nimebaki na 432,000 ya kodi dhidi ya unafuu wa 600,000. Nilitoka mbele kwa 168,000, na mvi kadhaa. Usiombe fidia ya pesa taslimu kutoka kwa kampuni isiyo na pesa. Omba ikatwe kwenye salio, kwa sababu hilo wanaweza kulitoa bila kwenda benki.

Kujitoa kunasikika rahisi. Kama mkataba wako unafuata masharti ya Chama cha Mawakili, unatoa notisi ya siku 21 ya kutaka mauzo yakamilishwe, na zikiisha unaweza kuvunja na kudai pesa. Lakini wewe mwenyewe lazima uwe umetimiza yako yote. Awamu moja uliyoiruka kwa hasira inampa wakili wa developa pa kukushikia. Kisha soma kifungu cha kurudishiwa. Nimeona kinachosema pesa zitarudi "nyumba ikishauzwa kwa mtu mwingine". Nani atanunua nyumba iliyosimama kwenye lenta? Kingine hukata asilimia 10 hata kama kosa ni lao, usipoangalia.

Unaweza kuweka zuio kwenye hati kwa msajili wa ardhi, sheria ya usajili wa ardhi inamruhusu mnunuzi mwenye maslahi, na zuio huamsha watu haraka sana. Ila kumbuka hati mama ni moja. Ukiizuia, unawazuia na wanunuzi wenzako wanaongoja hati zao, na huenda pia benki iliyokuwa ikitoa pesa za kumalizia. Baada ya hapo ni msuluhishi, kama mkataba unamtaja, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina vituo Nakuru na Kisumu. Una miaka sita ya kufungua kesi ya mkataba. Mmoja wetu kati ya wale kumi na mmoja alikataa kuandikiana upya akaenda njia hiyo. Nilipokabidhiwa funguo zangu yeye alikuwa bado kwenye tarehe za kutajwa kwa kesi. Simlaumu, alikuwa amelipa asilimia 90, na mtu aliyelipa asilimia 90 hana cha kujadiliana nacho.

Namwambia nani achukue ipi

Kama una watoto wa shule na kodi inakubana, na benki inakubali kukupa mogeji leo, nunua iliyokwisha hata kama ni ndogo kuliko uliyoiota. Kama unaishi kwa wazazi au nyumba ya kazi, hulipi kodi, basi miezi ya kungoja haikuli, na nyumba ya ramani inaweza kukufaa, kwa mkataba wa hatua na si wa kalenda. Kampuni ikikataa malipo ya hatua, mimi huishia hapo, sihitaji kusoma ukurasa mwingine. Kama pesa zako huja vipande vipande, za mavuno, za biashara, za mtoto aliye ng'ambo, jenga, lakini uwe karibu na saiti au uwe na mtu unayemwamini kuliko unavyomwamini fundi. Walio Marekani na Uingereza wanaojengewa na binamu nimewaandalia kiti cha kudumu ofisini.

Wiki mbili zilizopita alikuja mwalimu mmoja na kijitabu kinachong'aa cha mradi ulio upande wa Lanet, anataka mkopo wa asilimia 20 ya kwanza. Sikumfungulia fomu. Nilimwambia aende saiti siku ya kazi, ale chakula cha mchana kibandani, kisha arudi. Alirudi juzi. Mama wa pale alimwambia mafundi wa mawe wanalipa taslimu kila Jumamosi, ila wa mabomba na wa stima hawajaonekana tangu mwezi jana na mmoja ameacha deni la 640. Tumeanza kuusoma mkataba wake kuanzia ukurasa wa tisa, penye tarehe.